Sikio la Kushoto la Shangazi Kemunto

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya benki mjini Kisii, nikingoja zamu yangu kama watu wengine, mzee mmoja akapita nyuma yangu akinukia mafuta ya nywele. Yalikuwa yale ya zamani, mazito, ya kopo la bati, yenye harufu ya waridi iliyochanganyika na kitu kama mshumaa. Sikugeuka. Nilijua si yeye, kwa maana yeye nilimwona akishushwa kaburini nikiwa na miaka kumi na miwili. Hata hivyo nilijikuta nimeuma meno, na nilipofika dirishani karani alilazimika kuniuliza mara mbili nilichotaka. Watu wa rika langu hunilaumu nikisema hili, lakini nitalisema: mtu huyo ameoza chini ya udongo miaka yote hiyo, na mimi bado nina hasira naye.

Siku hizi jina lake limerudi. Vijana ambao hata wazazi wao hawakumwona jukwaani wanapiga nyimbo zake kwenye simu na kumwita mwasi, shujaa, gwiji wa roki wa milima yetu. Kuhusu kipaji sibishi. Zablon Radi alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, Msabato tangu tumboni, akatoroka chuo cha ualimu katika miaka ya sitini na kwenda Nairobi kutafuta gitaa la umeme. Alivaa suruali za kubana, akafuga nywele, akarekodi santuri. Gitaa lake alilifanya lingurume kama obokano, kile chombo cha nyuzi nane ambacho babu zetu walikipiga wameketi, na juu ya ngurumo hiyo akaimba kwa sauti iliyokwaruza kidogo, sauti ya mtu aliyelia jana. Alimwimba chifu kwa jina akalazwa rumande, akatoka akamwimba tena. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba alikuwa mume wa shangazi yangu, na hilo halimo kwenye simu za vijana.

Shangazi Kemunto, dada wa baba yangu, aliishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya yetu, ng'ambo ya migomba, juu kidogo ya soko la Ikonge. Alikuwa amerudi kwao kabla sijazaliwa, na watoto wawili na furushi moja la nguo. Kufikia wakati ninaoukumbuka, watoto wake, Nyaboke na mwenzake, walikuwa wakubwa na wameondoka, na mimi ndiye niliyelala kwake. Nyumba yake ilinuka moshi, ndizi zinazoiva chini ya kitanda, na majani mabichi ya chai yaliyomshika mikononi. Sisi Wasabato tulichuma chai ambayo kwa amri ya kanisa hatukuinywa. Asubuhi alitangulia shambani na kikapu mgongoni, nami nikafuata umande ukinilowesha hadi magotini, nikijua lazima nikae upande wake wa kulia. Ukimsemesha kushoto, hakusikia kitu. Sikio lile lilikuwa limekufa.

Hakuna aliyewahi kuniambia lilikufaje, kwa hiyo nilijitafutia jibu mwenyewe. Mchungaji wetu alihubiri mara kwa mara kwamba muziki wa umeme hutoboa masikio ya wanaousikiliza, akatutajia ngoma na magitaa ya mjini. Shangazi alikuwa ameolewa na mwanamuziki wa umeme. Basi, nikawaza, alikaa karibu mno na spika. Jambo hilo lilinipendeza. Nilimwona kama mtu aliyeumia kwa kupenda wimbo kupita kiasi, na siku moja nilijiziba sikio la kushoto kwa nyuzi za mgomba nikashinda hivyo hadi jioni, ili nisikie dunia kama yeye.

Baba alikuwa na redio kubwa ya betri nne, ambayo siku ya Sabato ilifunikwa kitambaa. Jumapili mchana kulikuwa na kipindi cha nyimbo za zamani, na karibu kila wiki msikilizaji fulani aliomba "Fungua". Ndio wimbo uliomjengea Zablon jina. Mwanamume amesimama mvuani nje ya nyumba yake, amelowa, anamwomba mkewe amfungulie mlango. Anasema amekosa, anasema mikono yake haina akili lakini moyo wake unayo, na kila kiitikio kikija sauti inapanda hadi unahisi mvua yenyewe imekoma ili imsikilize. Wanawake wa kwetu waliuimba harusini. Mama yangu aliuimba akikoroga uji. Baba aliongeza sauti ya redio, akafumba macho. Na Shangazi, kila mara, aliinuka akachukua ungo na kwenda kuchuma mboga. Nilidhani sikio linamuuma.

Nikiwa darasa la tano, Zablon akarudi. Huko Nairobi muziki wake ulikuwa umepitwa, santuri hazikuuzwa tena, na nadhani pia mwili ulikuwa umeanza kumsaliti, ingawa mtoto hayaoni hayo. Mimi niliona pikapu iliyoletwa na rafiki yake, gitaa jekundu kwenye sanduku, spika nzito kama kabati, na mtu mrefu mwenye buti na nywele nyeusi mno kwa umri wake, zinazong'aa kwa yale mafuta. Mwalimu mkuu alimwomba atufundishe kwaya kwa ajili ya mashindano ya muziki, naye akakubali, kwa masharti yake.

Siku ya kwanza alichukua karatasi ya wimbo tuliokuwa tumeandaliwa, wimbo wa kumsifu mkubwa mmoja wa wilaya kwa barabara ambayo hatukuwahi kuiona, akaisoma polepole mbele ya walimu, kisha akaichana. Alisema watoto hawataimba uongo akiwa hapo. Kama tunataka kuimba barabara, tuimbe matope. Na kweli tulitunga wimbo wa matope, tukicheka mpaka machozi. Mwalimu mkuu alifunga madirisha, akatuacha tuendelee. Mnaelewa ilivyokuwa, ninyi mliosoma miaka ile ya kusifu na kupiga makofi? Hatukuwa tumewahi kumwona mtu mzima asiyeogopa. Nilimpenda palepale.

Alituimbisha mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliniacha nimalize, akaniambia nirudie. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mbavu zake mwenyewe kunionyesha. "Usiimbe na koo, mwanangu," akasema. "Koo ni mlango tu. Imba na hapa." Ndani ya wiki mbili nilikuwa nikitoa sauti ambayo sikujua ninayo. Alinifundisha kuvuta pumzi bila mabega kupanda, kuacha neno lining'inie kabla ya kuliangusha, kunyamaza. Aliniambia kunyamaza ndiko kunakotenganisha mwimbaji na mpiga kelele. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko hicho, kabla yake wala baada yake, na hilo ni sehemu ya hasira yangu.

Jumapili moja alinipeleka Kisii pamoja na watoto wengine wawili kununua kitambaa cha sare za kwaya. Mwenye duka, mzee Mhindi mwenye miwani, alimtazama, akaacha mita yake juu ya kaunta, akatoka nje kumshika mikono yote miwili. Alituambia sisi watoto kwamba ana santuri zake zote nyumbani na kwamba mkewe, Mungu amrehemu, alilia kila alipousikia "Fungua". Zablon aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilijihisi natembea na mfalme.

Nyumbani niliimba nikisuuza vyombo. Shangazi alikuwa akimenya maharagwe mlangoni. Aliacha.

"Nani amekufundisha kuvuta pumzi hivyo?"

Nikamwambia ni Anko Zablon. Ndivyo alivyotaka tumwite. Aliendelea na maharagwe yake muda mrefu, nikafikiri hakunisikia, nikahamia kulia. Ndipo akasema niimbe tu, sauti ni yangu, Mungu ndiye aliyenipa na si mtu. Lakini nikiwa naye, mlango uwe wazi. Niliitikia. Nilifikiri anaogopa kelele ikijaa chumbani itanitoboa sikio na mimi.

Haukupita muda, habari ikaenea kwamba Zablon anataka kumchukua mke wake. Alikuwa ameanza kujenga kwao, kilomita chache kutoka kwetu, nyumba ya mabati mapya. Ng'ombe wa mahari hawakuwa wamerudishwa, kwa hiyo kwa desturi ndoa ilikuwa bado imesimama, hata kama mke na mume hawakuwa wamelala chini ya paa moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Baba alifurahi waziwazi. Mama alisema mwanamke kuzeekea kwa kaka yake si jambo la kupendeza. Sikumsikia mtu yeyote akimuuliza Shangazi. Mimi pia nilifurahi. Niliona kama "Fungua" unaishia vizuri mbele ya macho yangu.

Walikuja Jumapili, Zablon na wazee wanne, wakapokelewa na wazee wa kwetu. Kuku wawili walichinjwa, ukasongwa ugali wa wimbi mwekundu, kreti ya soda ikaletwa kutoka sokoni. Sebule ilijaa makoti na fimbo. Shangazi ndiye aliyezunguka na jagi na beseni akiwanawisha mikono, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na alipofika kwa Zablon alimmwagia maji kama wengine, bila kumtazama.

Baada ya kula wakamwomba apige. Alilikumbatia gitaa bila umeme, akapiga ule mngurumo wa obokano, na wazee wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja alijifuta macho kwa pembe ya koti. Kisha akaniita. Nilisimama katikati ya sebule nikaimba "Fungua" toka mwanzo hadi mwisho, na mbavu, kama alivyonifundisha. Sijawahi kuimba vile tena. Nilipomaliza, mzee mmoja wa upande wa Zablon akaniuliza nataka zawadi gani, niseme tu.

Nilikuwa nimeiwaza siku nyingi. Nilisema sitaki kitu changu. Ninaomba, kwa kuwa Anko amerudi, ampeleke Shangazi hospitali kubwa akatibiwe sikio lililoharibiwa na muziki wake.

Mama aliangalia sakafu. Baba alikohoa. Nilimtazama Zablon, kwa sababu yeye ndiye aliyetakiwa kujibu, nikaona akivuta pumzi ile ndefu bila mabega kupanda. Akatabasamu.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Muziki wetu wa zamani ulikuwa na kelele sana. Nitampeleka."

Wazee wakacheka kwa afueni. Hapo ndipo Shangazi alipoweka jagi mezani.

"Si muziki," akasema. "Ulinipiga na gitaa, Zablon. Upande huu. Nilikuwa na Nyaboke mgongoni."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesahihisha jina lililokosewa. Mtu aliyepaza sauti alikuwa baba yangu. Alimwambia hayo ni mambo ya mke na mume, hayasemwi mbele ya wageni, na tena mbele ya watoto. Nikamgeukia baba, na usoni pake sikuona mshangao wowote. Alijua. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepanda basi kwenda Nairobi kumchukua dada yake, akamkuta amefungwa kitambaa kichwani, damu imekaukia shingoni, akamleta nyumbani. Alijua, na kila Jumapili aliongeza sauti ya redio.

Mzee mmoja alijaribu kutuliza. Alisema nani hapa hajawahi kukosa, na ng'ombe wale wamekwisha kula nyasi za boma hili, hawawezi kutapikwa. Shangazi akajibu kwamba kama ni ng'ombe, waende wakaishi na waliowala, yeye hatoki. Akachukua beseni la maji machafu, akapita katikati yao, akaenda kulimwaga kwenye migomba. Hakurudi sebuleni. Wageni waliondoka bila sala ya kufunga.

Baba alinichapa siku hiyo. Alisema nimevunja nyumba ya watu. Nilichapwa kwa fimbo ya mti wa kahawa hadi nikashindwa kuketi, na Zablon hakuchapwa na mtu. Hakuna mzee hata mmoja, kati ya wale wote waliojaza sebule, aliyemwambia neno. Jumatatu alikuja shuleni amepaka mafuta yake, akanikuta nimejibanza nyuma ya darasa. Aliniambia wakubwa wana mambo yao, nisiyabebe. "Njoo, tuanze na sauti ya juu," akasema.

Nikaenda. Ningependa kuandika kwamba sikwenda, kwamba nilimtemea mate, lakini nilikwenda, kwa sababu nilitaka kuimba na hakukuwa na mtu mwingine wa kunifundisha. Wimbo wa matope ulituletea kikombe mjini Kisii, na mkubwa yule yule wa wilaya alipiga makofi bila kujua kwamba wimbo wa sifa zake ulikuwa umechanwa. Zablon alininyanyua juu mbele ya umati. Nilicheka. Shangazi alinipikia maziwa ya kuchemsha jioni ile, akauliza tumeshinda kwa wimbo gani, nikamwimbia wimbo wote akiwa amenielekezea sikio lake zima. Alicheka kwenye maneno ya punda aliyezama matopeni. Hakumtaja aliyetufundisha.

Mwaka uliofuata Zablon aliugua ini, akavimba tumbo, akafa kabla nyumba yake haijapigwa lipu. Mazishi yalikuwa makubwa kuliko yoyote niliyoyaona. Walikuja watu wa Nairobi, walikuja machifu, hata kanisa lililomfukuza ujanani lilituma kwaya. Kila aliyeshika kipaza sauti alimsifu kwa kutoogopa. Wale aliowatukana walisema aliwatukana kwa upendo. Wazee walikuwa wamekwenda kwa Shangazi mara tatu kumwambia akakae kando ya jeneza, kwa kuwa yeye ndiye mjane na marehemu hana mke mwingine, na mara tatu aliwapa viti, akawapa uji, akawakatalia. Kwa hiyo kando ya jeneza paliwekwa kiti kitupu, na msemaji mmoja alithubutu kusema kwamba mama ameshindwa kuja kwa wingi wa majonzi.

Kisha wakaniita niimbe "Fungua".

Baba alinishika bega akanisukuma mbele. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe la kwaya. Nilitazama umati, macho yote yale yakisubiri kulia, na nikavuta pumzi kama alivyonifundisha. Niliimba. Niliacha neno lining'inie pale alipotaka lining'inie. Akina mama walianguka chini wakipiga kelele, wanaume wakavua kofia, na kila chozi lililomwagika pale lilimwagikia yeye, masikini yule mwanamume aliyeachwa mvuani. Nilipofika mwisho nilijichukia kwa namna ambayo bado sijui kuieleza. Nilikimbia nyumbani kwa njia ya mtoni bila kungoja chakula.

Shangazi alikuwa shambani anachuma. Nilisimama kulia kwake nikamwambia nimeimba. Aliuliza kama niliimba vizuri. Nikasema ndiyo. Alichuma mistari miwili ya michai, vidole vikienda vyenyewe, kisha akaniambia yaliyotokea, mara moja tu, na hajarudia hadi leo.

Alisema ilikuwa mchana, mvua kubwa ya mchana, katika chumba chao kimoja Nairobi. Zablon alikuwa amempiga asubuhi, akatoka. Aliporudi alikuta mlango umekomewa kwa ndani, akasimama nje analia na kuomba. Majirani walitoka wakamsikiliza, kwa kuwa hata kuomba kwake kulikuwa na sauti tamu. Walimwambia Shangazi amhurumie, mwanamume akilia hivyo ametubu.

"Wimbo wake unaishia mlangoni," akasema. "Hausemi kama nilifungua. Nilifungua. Ndipo akachukua gitaa."

Kesho yake akaanza kutunga. Aliomba radhi redioni, aliomba radhi kwenye santuri, aliomba radhi kwa nchi nzima kwa zaidi ya miaka ishirini, na watu wakamlipa kwa machozi. Mwanamke mwenyewe hakuombwa radhi hata siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hasira kubwa kuliko mwili wangu. Niling'oa matawi ya chai yasiyotakiwa kung'olewa, na aliniacha niyang'oe.

Jua lilikuwa linapungua na karani wa kituo cha chai hangetungoja. Alijitwika kikapu chake mgongoni, mimi nikabeba kidogo, bado nikiwa na gauni jeupe lililochafuka utomvu. Tulipotokea barabara kuu tukakutana uso kwa uso na watu wanaotoka mazishini. Walikuwa wengi, wamejaza njia yote, wengine wakiimba ule wimbo kwa sauti ya chini. Shangazi hakukaa pembeni kuwapisha. Alipita katikati yao na kikapu chake, nami nyuma yake, na mmoja baada ya mwingine walimsimamisha wakamshika mkono, wakamwambia pole, mama, umepoteza mtu mkubwa, Kenya nzima inalia pamoja nawe. Aliwatazama mmoja mmoja usoni.

"Nimesikia," akawajibu, na kuendelea na safari.